Kupima joto la kiini cha atomu kwa kaye na rula

Mwalimu wa fizikia wa Luberizi, Kivu, hana saiklotroni, yaani mashine ya kuzipa chembe kasi. Halijoto ya kiini cha atomu anaweza kuipima hata hivyo, kwa kaye ya karo, rula, na simu moja yenye intaneti. Mimi huchagua tantali, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa ndani ya koltani ya milima yetu ya Kivu. Jiwe lenyewe usililete darasani: koltani mara nyingi huwa na urani na thori, na vumbi lake watoto wasilivute.

Fungua jedwali la LiveChart la Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ni la bure. Tafuta tantali 181, kisha wanafunzi wanakili kwa mkono ngazi zake za nishati, kutoka chini kwenda juu. Ngazi ya kwanza iko kwenye elektronivolti 6,000 hivi tu juu ya sakafu. Kadiri unavyopanda, ngazi zinasongamana. Huo msongamano ndio tunaoupima, na kasi yake ndiyo inayotupa halijoto.

Chora sasa. Mlalo uwe nishati kwa MeV, yaani elektronivolti milioni moja moja. Wima uwe jumla ya ngazi ulizozipita, lakini usiandike 1, 2, 3. Andika 1, 2, 4, 8, 16, 32, kila karo ikiwa maradufu ya iliyo chini yake. Utaona nukta zinaanza kujipanga katika mstari. Weka rula juu ya nukta hizo, usome: nishati kiasi gani inahitajika ili jumla iongezeke maradufu? Gawanya kwa 0.69. Tuseme umesoma 0.4 MeV: jibu, yaani halijoto, ni 0.58 MeV. Zidisha kwa bilioni 11.6, upate digrii bilioni 6.7 hivi, zaidi ya mara 400 ya joto la kitovu cha jua.

Mtoto atauliza mbona mstari umenyooka. Mpeleke kwenye sufuria ya maji ya bugali. Yakishachemka, ongeza kuni utakavyo, joto halipandi. Nguvu inakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Ndani ya kiini, nishati inayoongezwa inakwenda kuvunja jozi za protoni na za nyutroni, na halijoto inabaki karibu palepale.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: juu zaidi mstari unaanza kulala. Kiini hakijabadilika. Ngazi zimekaribiana mno hata vyombo vya waliozipima havikuweza kuzitenganisha, nyingine hazikuonekana kabisa. Rula yako iishie kabla ya hapo, na wanafunzi waandike ni wapi walipoikomesha na kwa nini.

Wenye vyombo wanapanda zaidi. Katika maabara ya saiklotroni ya Chuo Kikuu cha Oslo, watafiti, wakiwemo wa Afrika Kusini, walipiga bamba la tantali kwa miale ya heli, wakapima kwa pamoja chembe iliyochomoka na mionzi ya gama. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Njia hiyo inatoa umbo la mstari tu. Kimo chake hufungwa chini kwa ngazi zilizohesabiwa moja moja, kama zako, na juu kwa nyutroni za polepole. Tantali huzimeza kwa nguvu kwenye nishati maalumu: elektronivolti 4.3, halafu 10.4, na kuendelea, wastani wa pengo ukiwa kama 4. Watafiti hao walitaka kujua tantali 180 ilizaliwaje. Ni atomu 12 tu katika kila 100,000 za tantali, na ndiyo pekee katika maumbile inayodumu huku kiini chake kikiwa kimekwama kwenye ngazi ya juu.

Ukimaliza, rudia kwa chuma 56, ukiruka ngazi za mwanzo zilizoachana mbali. Mstari utalala zaidi: kiini chepesi huchelewa kujaza ngazi, na halijoto yake hutoka juu kuliko ya tantali.