BUSTANI YA MWEZI WA TISA HUANZA MWEZI WA SITA

Somo: Luka 13:6-9. Soma pia Yohana 6:12.



Katika mfano huu tumezoea kuutazama mtini usiozaa na kujiuliza kama sisi ndio mti huo. Ni vizuri. Lakini leo tumtazame mtunza shamba. Bwana wake amengoja miaka mitatu, amechoka, anataka mti ukatwe. Mtumishi huyu anaomba mwaka mmoja tu, na wala hasemi kwamba atakaa akingoja muujiza. Atachimba kuuzunguka na atautilia samadi. Basi samadi imo katika mafundisho ya Bwana mwenyewe, na mtu asione haya kuibeba kichwani. Nasi Wakimbanguisti tumepokea maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala. Hilo la tatu ni kazi.

Mwaka 2025, benki zilipofunga milango hapa mjini, wengi tulijua maana ya kwenda sokoni bila franka. Nyumba yenye vitanda viwili vya lenga-lenga nyuma ya jikoni haikukosa cha kuwekea watoto kando ya ugali.

Kwetu Bukavu kiangazi ni mwezi wa sita, wa saba na wa nane, na mvua hurudi mwezi wa tisa. Wengi hukumbuka bustani siku ile mvua ya kwanza inapogonga bati. Wamechelewa, kwa sababu takataka huhitaji miezi miwili, hata mitatu, ili zioze na kuwa mbolea. Mwenye kuanza sasa, udongo wake utakuwa tayari. Mwenye kungoja atanunua mbolea, au atapanda katika udongo mwekundu ulio mtupu.

Na mbolea hii hainunuliwi. Jioni pita soko la Nguba mama wakifunga mizigo: majani ya kabichi, maganda ya maharagwe, majani ya migomba yaliyofunika mizigo, yote hutupwa. Omba kwa heshima, beba gunia lako, na ufagie mahali ulipochukua. Kesho watakupa tena. Nyumbani kuna maganda ya ndizi na ya viazi. Mwenye kufuga dende, sungura, kuku au mbuzi ana hazina chini ya kibanda. Mtu ataniuliza habari ya samadi ya nguruwe wa jirani. Nguruwe hatuli, na samadi yake mbichi huwa na minyoo. Tuiache, ya mbuzi na kuku yatosha.

Tena kuna ile miti ya maua ya njano, yenye majani machungu, inayoota kando ya njia na mipakani mwa mashamba. Wataalamu huiita tithonia. Watoto huchuma maua, watu wazima huikata na kuitupa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya waliipima, wakakuta majani yake makavu yana nitrojeni karibu asilimia 3.5, sawa na mbolea nzuri ya kuku. Ikate kabla shina halijawa gumu.

Kuhusu kupanga. Wengine huchimba shimo. Mimi napendelea lundo, maana shimo hujaa maji na kunuka. Chagua kivuli. Upana uwe meta 1, urefu meta 1, kimo meta 1. Likiwa dogo zaidi halipati moto. Weka vikavu (majani makavu, mabua, randa kidogo tu za seremala), juu yake vibichi, kisha samadi, kisha udongo kiasi cha ukoko, na majivu ya makala konzi mbili. Nyunyiza maji, rudia hivyo mpaka juu, funika kwa majani ya mgomba. Choma kijiti katikati. Ukikitoa baada ya siku tano kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Hata yale ya kuoshea mchele yanafaa. Baada ya majuma matatu geuza lundo lote, ya nje yaingie ndani. Likiwa jeusi na kunuka kama udongo wa msituni, limeiva.

Usitie choo cha watu, wala cha mbwa. Tunaijua kolera, na mboga za majani huliwa na watoto. Usitie mawe ya redio, majivu ya plastiki, wala majani ya nyanya yenye ugonjwa.

Plastiki itengwe. Tunayoitupa mtaroni mvua huibeba mpaka ziwani, na ziwa huipeleka mtoni, kwenye bwawa la Ruzizi, ambako huziba mitambo. Halafu tunalalamika umeme umekatika! Ndugu, ule mfuko ulitoka mlangoni kwa nani?

Parseli zetu ni ndogo na nyingi ziko mteremkoni. Vitanda vikate mteremko kwa upande, visishuke nao, na lundo lisiegemee ukuta wa jirani wa chini. Asiye na nafasi ajaze gunia udongo na mbolea nusu kwa nusu, atoboe pembeni, apande humo. Lenga-lenga iliyopandwa mvua ikianza huchumwa baada ya majuma manne hivi. Ukikata kwa kiasi, itachipua tena. Mama asiye na fedha siku ya nsinsani anaweza kuuza mafungu machache na kuleta toleo lake.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
Mtumishi wa Luka 13 aliomba muda gani, na alipanga kufanya nini ndani ya muda huo?
Katika takataka za nyumba yako za jana, ni zipi zingeweza kuingia katika lundo?
Ni mjane gani katika avenue yenu asiye na nguvu za kugeuza lundo, na kijana gani atakwenda Jumamosi kumsaidia?