Manganizi ya Kiwango cha Chini: Lijue Jiwe Kwanza

Mbale yangu ina manganizi asilimia 25 na wanunuzi wanaikataa. Niache kuchimba?

Usiache, ila usinunue mtambo bado. Bei inayotajwa zaidi sokoni ni ya mbale ya asilimia 44, kwa hiyo kwanza ujue hiyo 75 iliyobaki ni nini. Peleka sampuli maabara, itazamwe pia kwa hadubini. Kama manganizi imefunikwa na udongo tu, kuosha na kuchekecha kunatosha.

Na ikiwa imeshikana na kwatzi?

Hapo uzito unakusaidia. Pirolusaiti, madini ya oksidi ya manganizi, ina uzito wa karibu mara 5 ya maji, kwatzi mara 2.65 tu. Ponda hadi vitengane, kisha pitisha kwenye jigi: maji yanayopanda na kushuka huacha kwatzi juu na manganizi chini. Lakini usisage kupita kiasi, nakusihi. Pirolusaiti huvunjika upesi kuwa unga, na unga huo huondoka na maji machafu. Kuukamata kunadai sumaku kali sana au uchenjuaji wa povu, na gharama hupanda.

Chuma je?

Chuma ndicho kinachonisumbua kuliko vyote. Hematiti, madini ya oksidi ya chuma, ina uzito unaokaribiana na wa pirolusaiti, na sumaku kali huvivuta vyote viwili, kwa hiyo jigi na sumaku hiyo havikusaidii sana. Dawa yake ni kuchoma mbale pamoja na makaa ya mawe bila kuachia hewa nyingi: hematiti hugeuka magnetiti, na sumaku ya kawaida huiondoa. Hilo hufaulu pale tu chembe za chuma zinapokuwa zimejitenga. Zikiwa zimechanganyika ndani kabisa, hubaki njia ya kuyeyusha kwa asidi. Kiasi cha chuma kinachovumilika hutegemea aloi anayotengeneza mnunuzi: feromanganizi ya asilimia 78 hutaka mbale yenye manganizi takriban mara 7 ya chuma. Silikomanganizi haina masharti makali hivyo.

Kisenge, kule Lualaba nchini Kongo, kuna manganizi ya kaboneti. Nayo?

Ni mali nzuri. Rodokrosaiti safi, ndiyo hiyo kaboneti ya manganizi, ina manganizi asilimia 47.8. Ukiichoma, hewa ya ukaa hutoka na kiwango hukaribia 72, kabla hujaondoa hata chembe ya taka. Tena ikiwa haijachomwa huyeyuka kwa asidi ya salfuriki kwa urahisi zaidi kuliko pirolusaiti, jambo linalowafaa watengenezaji wa betri. Ila pima fosforasi kabla ya kuwasha tanuri: haitoki na moshi, hubaki na kukolea ndani ya mbale iliyochomwa.