Dondoo Muhimu: Mbwa Aliyechomwa Sindano ya Antibayotiki

Afugaye mbwa Tukuyu, Kiwira au Katumba, ambako banda la mlinzi huyo aghalabu haliko mbali na zizi la ng'ombe wa maziwa, yampasa ajue dawa ipitavyo mwilini.

• Penisilini ya prokeini, ile nyeupe, sharti itikiswe chupani kabla ya kuvutwa. Ikishaingia msulini huyeyuka taratibu na kuingia damuni saa baada ya saa, ndiyo maana kwa kawaida hurudiwa kila baada ya saa 24.

• Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutolewa na figo kwa mkojo. Basi mbwa asikose maji safi, hata katika baridi ya Juni na Julai, na kama ana maradhi ya figo, daktari wa mifugo aarifiwe mapema.

• Oksitetrasaiklini, itumikayo dhidi ya vijidudu vya erlikia viletwavyo na kupe, hutoka kwa mkojo na kwa nyongo. Lakini hunasa katika meno na mifupa inayokua, hivyo mbwa mwenye mimba na watoto wachanga waepushwe nayo, ila kwa amri ya daktari.

• Oksitetrasaiklini ya ng'ombe yenye nguvu ya asilimia 20 imetengenezwa ikawie msulini, nayo yaweza kumwachia mbwa maumivu na uvimbe. Kipimo kisikisiwe kwa macho, bali mbwa apimwe mizanini.

• Akipata nafuu mapema, siku alizoamuru daktari zitimizwe vivyo hivyo.