Ushindi wa Kuibwa: Somo Juu ya Waendesha Baisikeli Wanaotumia Dawa

Katika somo hili tutazame jambo linalotendeka mbali na vijiji vyetu, huko Ulaya na Marekani, kati ya watu wanaoshindana kwa baisikeli, ile tunayoiita kinga. Kwetu kinga ni ya kubebea makaa na mihogo. Mtu akiisukuma kupanda kilima hatafuti sifa, anatafuta kufika sokoni. Lakini huko wako maelfu ya watu wanaopanda baisikeli siku ya mapumziko ili washindane tu. Si kazi yao. Huyu ni mwalimu, yule ni mfanyabiashara, mwingine ni mwanasheria. Huitwa washindani wa ridhaa, maana yake hushindana kwa kupenda. Nao waliokwisha kupita umri wa miaka 35 au karibu yake huitwa maveterani. Mara nyingi hawa hupangwa kwa makundi ya miaka mitanomitano, ili mzee wa miaka 60 asipambane na kijana. Mshindi hupata nini? Mara nyingi medali, au fulana, au fedha kidogo zisizotosha kununua hata gurudumu moja la baisikeli yake.

Basi, sikieni ajabu. Mwezi wa Machi 2015 tume iliyowekwa na UCI, ndicho chama cha baisikeli cha dunia nzima, ilitoa taarifa yake. Tume hiyo ilitumwa hasa kuchunguza udanganyifu wa mabingwa wanaolipwa mshahara, baada ya Lance Armstrong kunyang'anywa, mwaka 2012, ushindi wake wote 7 wa Tour de France. Lakini ndani ya taarifa mlikuwa na neno juu ya washindani wa ridhaa pia: kwamba dawa za kuongeza nguvu zinazidi kuenea kati yao, na kwamba wako wafanyabiashara wa makamo wanaoshinda kwa kutumia EPO. Hata wako mabingwa wa kulipwa walioieleza tume kwamba wameacha kwenda katika mashindano makubwa ya ridhaa, kwa sababu ya wingi wa watu wanaotumia dawa humo. Yaani wale waliokuwa wakisemwa kuwa wadanganyifu ndio waliowaogopa wale wanaocheza!

Swali: EPO ni kitu gani?

Jibu: Ni homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika figo. Kazi yake ni kuuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazochukua hewa safi na kuipeleka katika misuli. Waganga walijifunza kuitengeneza ili kuwasaidia wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Ni dawa njema kwa mgonjwa. Lakini mtu mzima wa afya akidungwa, chembe zake huzidi kipimo, na misuli yake huchelewa kuchoka. Tena damu yake huwa nzito, moyo husukuma kwa shida, na damu huweza kuganda ndani ya mishipa. Kwa hofu hiyo UCI iliweka mpaka mwaka 1997: mwanamume ambaye chembe nyekundu zimepita 50 katika sehemu 100 za damu yake, asishindane.

Sasa tuje kwenye kiini cha somo letu. Mwizi wa mbuzi twamwelewa: anataka nyama, au anataka fedha. Lakini mtu mwenye nyumba, mwenye kazi, mwenye watoto wakubwa, anayejidunga sindano gizani ili apate medali ya watu wa miaka 45 mpaka 49, anataka nini?

Anataka kuonwa. Alipokuwa kijana alipanda mlima bila kupumzika. Sasa miaka imepita, na kila mwaka mwili hupunguza kidogo nguvu yake ya kutumia hewa. Hilo ni la kila mtu, tajiri na maskini. Mtu mnyofu huona hivyo, hucheka, husema: leo nimekuwa wa kumi na mbili, na wa kumi na mbili ndio mimi. Mwenye kiburi hakubali. Amenunua baisikeli ya thamani, amewaambia wenzake kazini kwamba yeye ni hodari, na mkewe amemvumilia Jumapili nyingi akiwa barabarani. Atarudije kuwaambia kwamba amekuwa wa kumi na mbili? Hapo ndipo sindano huanza kuonekana kitu kidogo.

Naye hakosi maneno ya kujitetea. Husema kwanza: daktari ameniandikia. Kweli wako madaktari wanaowaandikia wanaume wa makamo testosteroni, homoni ya kiume ambayo hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Lakini sheria ya michezo huikataza siku zote, ila kwa mtu aliyepewa ruhusa maalumu kwa ugonjwa uliothibitishwa. Na kuzeeka peke yake si ugonjwa. Husema tena: wote wanafanya. Mwongo hupenda sana neno hilo, maana huwafanya wengine wawe mashahidi wake bila kuwauliza. Mwisho husema: simdhuru mtu, hakuna fedha. Hapa nawaombeni mfikiri. Aliyekuwa wa pili aliamka alfajiri miezi mingi kabla ya kwenda kazini, akafanya mazoezi kwenye baridi. Siku yake ilikuwa moja tu, nayo imechukuliwa. Mwizi atarudisha medali kwa posta; siku ile atairudishaje?

Mwaka 2012 waandaaji wa mashindano ya ridhaa ya Gran Fondo New York walitaka washindani wao wapimwe. Watu 2 wakakutwa na EPO.

Lakini tujihadhari tusihukumu haraka. Mwezi wa Julai 2018, Marekani, katika mashindano ya taifa ya maveterani, mzee wa miaka 90 alipimwa mkojo, ukaonekana una dalili ya trenboloni, dawa ambayo wafugaji wa kule huwapa ng'ombe wanenepe. Siku iliyotangulia alipimwa akakutwa safi. Usiku ule alikula maini. Wachunguzi walikubali kwamba yaelekea dawa ilitoka katika nyama. Alipoteza ushindi na rekodi ya siku ile, maana kanuni ndivyo ilivyo, lakini hakufungiwa; alipewa onyo tu. Katika mafundisho yenu mmesikia kwamba hakuna kosa zito pasipo kujua na kutaka. Hata watu wa michezo wamelazimika kulipokea neno hilo.

Nimalize kwa habari ya Ufaransa. Mwaka 1999 Christophe Bassons, mshindani wa kulipwa aliyejulikana kwa kukataa dawa, aliandika gazetini juu ya mambo aliyoyaona katika Tour de France. Armstrong alimfuata katikati ya mbio akamwambia afadhali arudi kwao. Wenzake walimtenga, na baada ya siku chache akaacha mashindano. Baadaye akawa mtumishi wa serikali katika kazi ya kupinga dawa michezoni.

Tarehe 1 Oktoba 2017, Bassons alikuwapo Dordogne, katika mbio ndogo za kijijini. Alikuwako pia mshindani wa ridhaa wa miaka 43, ambaye wenzake walikuwa wameanza kushangazwa na kasi yake. Huyu hakutumia sindano; ndani ya baisikeli yake mlifichwa mtambo mdogo wa umeme wa kusukuma kanyagio. Alipokamatwa alisema alitaka kupunguza maumivu ya mgongo. Alifungiwa miaka 5, na mahakama ikamwamuru afanye kazi ya bure saa 60. Zawadi alizokuwa amezipata katika mbio zile za vijijini, ukizihesabu zote, zilikuwa ndogo kuliko bei ya mtambo wenyewe.