Dondoo muhimu: Tripodi ya kustahimili upepo wa Alimbongo

Alimbongo iko juu ya mita 2,000, kwenye barabara ya kutoka Butembo kwenda Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuna ukungu asubuhi na upepo wa milimani, kwa hiyo tripodi nyepesi ya plastiki haifai hapo hata kidogo.

Kabla ya kulipa dukani, Butembo au Beni, vuta miguu yote hadi mwisho. Funga kamera yako juu, pamoja na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo, kisha gonga kichwa cha tripodi kwa kidole huku ukitazama kioo cha kamera. Mtikisiko usipotulia mara moja, iache. Uzito ulioandikwa kwenye boksi usiuamini sana. Tafuta inayodai kubeba angalau mara mbili ya mzigo wako.

Miguu ya vipande vitatu hutulia kuliko ya vinne au vitano, maana kipande cha mwisho huwa chembamba mno. Aluminiamu inatosha, kaboni ni nyepesi, lakini bei yake ni kubwa. Kagua pia kama kuna ndoano chini ya nguzo ya kati, uning'inize begi upepo ukizidi. Nguzo yenyewe usiipandishe bila sababu.

Matope yakiingia kwenye vifungio, futa siku hiyohiyo.

Na tafadhali, omba ruhusa kwa viongozi wa mahali kabla ya kuisimamisha: penye vita, tripodi begani huweza kudhaniwa silaha.