MIRUNGI NA AFYA YAKO: SOMO KWA WALIOKO UGHAIBUNI



Somo letu la leo linahusu mirungi, au miraa kama wanavyoita ndugu zetu wa Kenya. Nimelikusudia hasa kwa sisi tunaoishi Uingereza, lakini na wenzetu wa Marekani na Ghuba watapata faida. Sababu ya kuliandika ni suali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara: "Mume wangu hula mirungi Ijumaa na Jumamosi usiku kucha. Ikifika Jumatatu hataki kusema na mtu, watoto wanamkimbia. Haya ni maradhi au ni tabia tu?" Jibu ni kwamba yanaweza kuwa yote mawili, na yote mawili yana msaada.

MIRUNGI INAFANYA NINI MWILINI?

Mirungi ni majani na vikonyo vya mti unaoota Meru kule Kenya, Ethiopia, Yemen na baadhi ya sehemu za Tanzania. Ndani yake mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Hiyo ndiyo inayoleta stimu: mtu anachangamka, maneno yanakuwa mengi, njaa na usingizi vinaondoka. Kathinoni huharibika upesi, kama siku mbili baada ya kuchumwa, na kinachobaki ni kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo maana mirungi hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Wengi hudhani kwamba kwa vile ni jani haliwezi kudhuru. Tukumbuke kwamba hata tumbaku ni jani.

MADHARA YAKE

1. Usingizi na akili. Mtu hukesha, kisha stimu ikiisha anabaki na huzuni, hasira na uchovu. Huyo ndiye baba wa Jumatatu. Wachache, hasa wanaotafuna kwa wingi au waliowahi kuugua akili, huanza kusikia sauti au kuamini kwamba watu wanawafuata. Hayo si mashetani, ni dalili za maradhi zinazotibika.

2. Moyo. Mirungi hupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Uchunguzi uliofanywa Yemen umeihusisha na mshtuko wa moyo. Mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo, na mvutaji sigara, yumo katika hatari zaidi.

3. Tumbo. Hufunga choo, na kutokana na hapo huja bawasiri. Anayetafuna kila siku hukosa hamu ya kula na hukonda.

4. Mdomo na meno. Mdomo hukauka, fizi huuma. Tukiongeza soda na bigijii za kutoa uchungu, sukari inakaa kwenye meno saa nyingi na meno yanaoza.

5. Ini. Madaktari wa hapa Uingereza wameandika habari za wagonjwa walioharibika ini kutokana na kutafuna. Ukiona macho yanakuwa ya manjano, usingoje.

6. Wajawazito na wanaonyonyesha. Mirungi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na kemikali zake hupita kwenye maziwa ya mama.

7. Dawa. Ukitafuna huku unameza dawa, huenda dawa isifanye kazi sawasawa. Ampisilini, kwa mfano, huingia mwilini kwa kiasi kidogo zaidi. Mwambie daktari wako ukweli.

SERIKALI NA WATAALAMU WAMECHUKUA HATUA GANI?

Hapa wataalamu na wanasiasa hawakukubaliana. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliona hakuna haja ya kuiweka mirungi chini ya sheria za kimataifa za madawa ya kulevya. Uingereza nayo, baraza linaloishauri serikali lilisema Januari 2013 kwamba ushahidi hautoshi kuipiga marufuku, na likataka zaidi elimu na huduma za afya. Serikali haikufuata ushauri huo. Kuanzia tarehe 24 Juni 2014 mirungi ni dawa ya kulevya ya daraja la C. Uholanzi ilikuwa imeshaipiga marufuku kabla ya hapo.

Kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 2014 kwa England na Wales, ukikamatwa nayo mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili faini ya pauni 60, mara ya tatu unaweza kutiwa ndani. Anayeuza au kuingiza nchini anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mirungi iliyokaushwa na kutumwa kwa posta nayo ni haramu kisheria vilevile.

Wasafiri mjihadhari. Kenya mirungi ni halali, na mwaka 2016 sheria iliitambua rasmi kama zao la kilimo. Lakini Tanzania, Marekani, Oman na Imarati ni kosa. Usikubali kubebeshwa kifurushi cha mtu.

UKITAKA KUPUNGUZA AU KUACHA

- Kwanza hesabu: siku ngapi kwa wiki, saa ngapi, pesa ngapi. Andika kwenye karatasi.
- Punguza siku kabla ya kuacha kabisa, ukiona kuacha ghafla kunakushinda.
- Usimeze vidonge vya usingizi wala usinywe pombe ili ushushe stimu. Watu wengi wamepata ulevi wa pili kwa njia hiyo.
- Usiendeshe gari baada ya kukesha.
- Tafuta la kufanya saa zile za baraza. Wengi hawaifuati mirungi, wanafuata wenzao na mazungumzo ya nyumbani. Baraza inaweza kuwa ya kahawa.
- Wiki ya kwanza tegemea uchovu, ndoto mbaya na usingizi mwingi. Kwa kawaida hupita.

Nenda kwa daktari wako wa mtaa. Huduma za kuacha madawa ni za bure hapa, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Daktari hakupeleki polisi kwa kumwambia unatafuna. Wengi wamechelewa kutibiwa kwa hofu hiyo tu.

Piga 999 mara moja mtu akipata maumivu ya kifua, akipooza upande mmoja, akizimia, au akitaka kujidhuru.

Na nyinyi akina mama: msimvizie wakati ana stimu, wala Jumatatu asubuhi. Chagua siku ametulia, mwambie unachokiona kwa watoto na kwa mfuko wa nyumba, kisha mwambie mtakwenda pamoja kwa daktari.

Kwa leo naishia hapa. Afya ni mali, tuitunze.