Moshi Huenda Wapi?

Mtu wa Lokori, kando ya Mto Kerio huko Turkana, akikoka moto wa kuni huuona moshi ukipanda, kisha ukatoweka. Je, umekwisha? La, hasha! Umetawanyika tu.

Katika moshi mna vitu vingi, tutaje viwili. Kwanza, masizi: chembe ndogo mno, hukaa hewani siku kadhaa, kisha huteremshwa na mvua au hutua zenyewe. Pili, hewa ya ukaa, isiyoonekana kamwe: sehemu yake hunyonywa na miti na bahari, nyingine hubaki karne nyingi, ikizidisha joto la dunia.

Ama moshi wa jikoni, chembe zake huingia vifuani mwa mama na watoto. Basi tusidanganywe na macho: tufungueni madirisha, au tupikieni uani.